Maswali na majibu: Picha ya simu inapokataliwa

Naomba kazi mtandaoni, na tovuti inakataa picha yangu kwamba imezidi KB 200. Mbona simu haionyeshi hizo KB? Msomaji, Kondele, Kisumu

Inaonyesha, ila imezificha. Fungua picha kwenye Google Photos, isukume juu kwa kidole, utaona pikseli (vinukta vidogo vinavyounda picha) na uzito wa faili, kwa KB au MB. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli kama 4000 kwa 3000, na mara nyingi huwa na MB 2 hadi 5. MB moja ni takriban KB 1,000, kwa hivyo umezidi mbali.

Ikate kwanza, vibaki kichwa na mabega. Bado nzito? Mtumie mtu wa nyumbani kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, akurudishie. WhatsApp huzipunguza picha, na leo hilo ndilo unalotaka.

Tumefiwa na mzee. Picha yake tuliitoa kwenye grupu la ukoo, lakini mchapishaji anasema bango la A3 litatoka na ukungu. Kwenye simu inang'aa! Msomaji, Kakamega

Poleni sana kwa msiba. Mchapishaji anasema kweli. Kioo cha simu ni kidogo, kasoro hazionekani. Picha iliyopita WhatsApp mara nyingi hubaki na pikseli 1200 kwa 1600. A3 ina upana wa inchi 11.7, kwa hivyo kila inchi inapata pikseli 100 hivi, na wachapishaji hupenda 300. Kwa ukurasa wa A5 wa programu ya mazishi ingepita. Kwa bango, hapana.

App za kuondoa ukungu zipo, lakini hubuni pikseli, na uso wa mzee unaweza kugeuka wa mtu mwingine. Mtafuteni aliyempiga hiyo picha. Aitume tena kwa alama ya kibanio, achague Document, si Gallery. Hapo inafika kama ilivyo. Na msiipige picha ya skrini, mtapoteza tena.

Picha za iPhone yangu zinaishia na HEIC. Saiba ninayoenda hazifunguki. Msomaji, Nakuru

HEIC ni aina ya faili ya picha. Apple ilianza kuitumia na iOS 11, mfumo wa iPhone, mwaka 2017, kwa sababu huchukua karibu nusu ya nafasi ya JPEG, aina ya kawaida. Ingia Settings, Camera, Formats, uchague Most Compatible. Hiyo ni kwa picha utakazopiga kuanzia sasa. Za zamani zihifadhi kwenye Files, bonyeza moja kwa muda, kisha Quick Actions, Convert Image. Kama simu yako imejaa, mimi ningeacha HEIC na kugeuza zile tu zinazohitajika.

Nimebadilisha jina la faili kutoka .png kuwa .jpg, tovuti bado inakataa. Msomaji, Bungoma

Umebadilisha jina tu, ndani bado ni PNG, aina nyingine ya faili ya picha. Ifungue kwa Paint kwenye kompyuta, uihifadhi upya kama JPEG. Ikiwa ni nembo isiyo na rangi ya nyuma, itapata weupe, maana JPEG haina uwazi.