Piga 988, bonyeza 1

Pole sana dada. Umeandika kwamba kaka yako aliyetoka jeshi la Marekani ana bastola, halali usiku, anagawa vitu vyake na kusema "mtaishi vizuri tu bila mimi": hilo si la kungojea maombi ya Jumapili. Maombi endeleeni nayo, ila leo hii muulize waziwazi, "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Kisha pigeni 988, mbonyeze 1. Ni laini ya wanajeshi wa zamani, saa 24, na wewe ndugu unaweza kupiga hata yeye akikataa.

Halafu ile bastola. Usibishane naye kuhusu haki zake (najua wanavyokuwa wakali hapo), mwombe tu ifungiwe kwa muda na ufunguo ukae kwako. VA, idara inayowahudumia, hutoa kufuli za bunduki bure.

Gharama isiwazuie. Tangu Januari 2023, wanajeshi wa zamani wengi wakiwa katika hatari ya kujiua hutibiwa bure hata hospitali isiyo ya VA, hata kama hawajajiandikisha: kulazwa hadi siku 30. Akishaishika bastola, piga 911, namba ya dharura, na useme mapema kwamba ana silaha.