Umestaafu, Sasa Wewe Ni Nani?

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja, muuguzi, kabakiza miezi michache astaafu, anauliza afungue biashara gani na kiinua mgongo chake. Nikamjibu hela iache kwanza itulie, kuna swali linatangulia. Akaona namkatisha tamaa. Basi ngoja niandike kwa kirefu maana najua mko wengi, na najua hakuna anayesoma hapa ambaye ndoto yake ni kukaa kwenye kiti akisubiri wajukuu.

Mimi nilikuwa mhasibu mkuu. Nasema bila aibu, nilianzia karani, na ripoti ya mwaka ilikuwa haitoki bila saini yangu. Simu ilikuwa hailali. Nikaagwa vizuri, hotuba, picha, "mzee milango iko wazi", haya. Baadaye nikapita pale kufuatilia karatasi ya mafao, kijana wa getini (mgeni, hanijui) akanisukumia kitabu cha wageni. Nikajaza jina, nikajaza saa, nikafika kwenye safu ya "ofisi unayotoka" kalamu ikasimama. Kijana akaniambia "mzee weka tu kistari". Nikaweka kistari. Na huyo aliyekalia kiti changu, ambaye kazi nimemfundisha mimi kwa mikono hii, akapita na faili kwapani, akanipungia, eti atanipigia. Mpaka leo. Tuyaache.

Kuna mwanasosholojia wa Marekani, Robert Atchley, miaka ya 1970 alizieleza hatua za kustaafu: unaanza na fungate, unakuja kuvunjika moyo, unajipanga upya, ndiyo unatulia, ingawa si kila mtu anazipita zote. Mimi fungate yangu ilikuwa fupi. Nilivyochoka kulala nikahamia kwenye matumizi ya nyumbani, nikawa namdai mama watoto risiti, nauliza sabuni mbona imeisha mapema, mpaka siku moja akaniambia "Baba, humu ndani hamna idara ya fedha, tafuta pa kwenda." Aliongea kwa upole lakini niliisikia.

Nikatafuta pa kwenda. Kamati hii, kikao kile, nikawa bize kuliko nilivyokuwa kazini, na kila nikiulizwa habari za kustaafu najibu "aah sina hata nafasi". Kumbe ugonjwa huu unajulikana, mwaka 1986 David Ekerdt, Mmarekani mwingine, aliandika jinsi wastaafu wanavyojitetea kwa kuwa bize, ili waonekane bado wako kwenye mstari na wanaofanya kazi. Ila jioni nikirudi nilikuwa najiuliza, nisingeenda leo nani angeshtuka? Hakuna.

Kilichonitoa ni kijana wa jirani, fundi wa kuchomelea. Kazi anazo lakini hela haioni. Akaniletea daftari lake, limejaa grisi, namba za simu zimechanganyika na madeni, vipimo vya dirisha viko juu ya hela ya chuma, yaani hata mimi nilitumia muda kujua kipi ni kipi. Tukaanza: hela ya kazi mbali, ya mfukoni mbali, anayedaiwa aandikwe ukurasa wake, na kila siku aandike kabla hajalala. Akaja na mwenzake, mwenzake akaja na wengine. Sasa hivi kila Jumanne asubuhi wananisubiri, nikichelewa kidogo tu simu inalia "mwalimu uko wapi?" Mwalimu! Na ofisini hawakuwahi kuniita hivyo hata mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ndiyo huo, tafuta anayekusubiri. Mshahara na cheo vilikuwa vinatufanya tujione watu, lakini kilichokuwa kinatuamsha ni kwamba kuna mahali tusipofika kazi inakwama. Weka siku, weka saa, wape watu neno lako kwamba utakuwepo. Asipokuwepo anayekusubiri hata ukiwa na vikao kumi bado utaumia. Dada muuguzi, kina mama wenye mtoto wa kwanza wana maswali mengi na hawana wa kumuuliza, anza nao sasa hivi ukiwa bado kazini, ndiyo utajua wanakutafuta wewe au wanatafuta sare yako. Biashara baadaye, na usikopeshe mtu.

Na msitishwe na umri. Ujerumani ilipopitisha pensheni ya uzee mwaka 1889 iliweka miaka 70, mwaka 1916 wakashusha hadi 65, yaani ni serikali inapanga na kupangua, hakuna aliyekupima akili yako akakuta imekwisha.

Wanaume wenzangu, jikoni ingieni, ila ingieni kuosha vyombo. Ukaguzi acheni.