Mpunga wa nani, konde la nani?

SUALA: Assalamu alaykum Maalim. Mimi ni mama wa watoto watano, nalima mpunga robo tatu ya eka bondeni, upande wa Mkoani, Pemba. Konde kaniazima mjomba wangu anayekaa Unguja. Mwezi uliopita bamvua lilivunja tuta, maji ya bahari yakaingia na mpunga umeshabeba mimba. Walipokuja kufanya tathmini, sheha kaandika jina la mjomba, ambaye hata mbegu hajanunua. Msaada ukitoka, mimi nina changu? Na mwanangu ananambia Marekani mkulima akipata maafa hulipwa tu. Sisi vipi?

JAWABU: Waalaykum salaam, mwanangu, na pole. Nenda kwa sheha leo, usingoje Ijumaa. Orodha hutoka kamati ya maafa ya shehia, ikenda wilayani, mpaka Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, iliyoundwa kwa Sheria Namba 1 ya 2015. Ikishapanda, kuishusha ni kazi.

Sheha wako naona aliuliza "konde la nani?" na ilikuwa aulize "mpunga wa nani?" Hapa kwetu ardhi ni mali ya umma, Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inasema hivyo, na bado minazi huwa ya huyu, chini yake analima muhogo yule, na hapana anayeshangaa. Kilichokufa bondeni ni mpunga, na mpunga ni wako. Mwombe aandike majina mawili: mwenye konde na mwenye mazao. Mjomba ampigie simu aseme mwenyewe, kisha uende na majirani wawili waliokuona ukipanda. Wala usimgombeze mjomba. Huenda hata hajui kama kaandikwa.

Mpunga usiufyeke kwanza. Nilipokuwa bado bwana shamba, tulikwenda bonde moja lililoingia chumvi, na kila mtu analalamika kwa mdomo. Bibi mmoja akafungua pindo la kanga, akatoa mashuke matatu meupe pee, mapepe matupu, na donge la udongo lenye ukoko wa chumvi. "Lambeni," akatwambia. Mwenzangu akalamba kweli, akatema. Yule bibi hakuulizwa suala jengine. Wewe piga na picha, tuta lililovunjika lionekane.

Lakini usikope dukani kwa kutegemea msaada. Msaada si fidia. Hutolewa kwa kilichopo: pengine mchele, pengine mbegu, pengine fedha, na mara nyingi hauifikii hasara yako.

Ya Marekani, mwanao kasema nusu. Kule upo mpango wa kisheria ambao mnyama akifa kwa dhoruba, mfugaji hulipwa asilimia 75 ya bei yake ya soko. Ila lazima atoe taarifa na athibitishe idadi. Na kwenye mpango wa mazao, kila msimu mkulima huandikisha kwenye ofisi ya kilimo ya eneo lake kapanda nini na eka ngapi, kabla hakujatokea jambo. Hilo ningeliiba mimi. Chukua daftari la mtoto la skuli, andika siku uliyopanda, pishi za mbegu, vibarua na malipo yao, umwombe sheha agonge muhuri. Hakuna sheria iliyokutaka ufanye hivyo, lakini siku ya tathmini utaona faida yake.

Konde lenyewe lifungulie mitaro mvua ioshe chumvi, na muulize bibi shamba wenu mbegu za SATO 1 na SATO 6, zinazostahimili chumvi.

SUALA: Upepo umeniangushia mikarafuu minne. Nitalipwa mavuno ya miaka mingapi? (Mzee, Wete)

JAWABU: Hata mmoja, mzee wangu, usijidanganye. Ripoti kwa sheha, kisha uwahi foleni ya miche ya bure. Na magogo usiyauze kwa wachoma mkaa kabla hayajahesabiwa.