Kwa nini njia ya JKIA ni ndefu kuliko ya Mombasa

Umeuliza kwa nini JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ulioko Embakasi, Nairobi, ina njia ya kurukia ya mita 4,117 wakati Mombasa inatosheka na 3,350. Jibu ni mwinuko. Embakasi iko takriban mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa Moi wa Mombasa uko karibu mita 60 tu. Mchana wa nyuzi 25, hewa ya Nairobi huwa nyepesi kwa kama asilimia 20 kuliko kipimo cha kawaida cha pwani. Injini hupata msukumo mdogo, na bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo linyanyue uzito uleule. Kwa hiyo ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka, na matairi nayo yana kikomo chake cha kasi. Hesabu ikigoma, hupunguzwa shehena au abiria. Mafuta ya akiba hayaguswi. Safari ya Kenya Airways kwenda New York, iliyoanza Oktoba 2018, huondoka usiku, na hilo husaidia: baridi huongeza uzito unaoruhusiwa.

Udhaifu mkubwa wa JKIA, kwa maoni yangu, ni kuwa na njia hiyo moja tu, yenye namba 06/24. Tairi likipasuka ndege ikakwama katikati, kiwanja kizima husimama, na zilizo angani huelekezwa Mombasa, Kilimanjaro au Entebbe. Ukiwa na safari ya kuunganisha siku hiyo, nenda dawati la shirika lako mapema ubadilishiwe tiketi, usisubiri tangazo.