Tamathali Si Hirizi

SWALI: Mwalimu, ninajiandaa kuhutubia mkutano mkuu wa chama chetu cha wafanyakazi. Hotuba ina maswali ya balagha (yasiyodai jibu) manane na takriri, yaani kurudiarudia maneno, katika kila aya, lakini wenzangu niliowasomea walibaki kimya. Niongeze tamathali gani ili iwaguse?

JIBU: Usiongeze hata moja. Karibu kila anayeniuliza hivi ameuziwa orodha ya mbinu na hao wanaojiita makocha wa uzungumzaji, wanaozigawa tamathali kama hirizi.

Swali la balagha ndilo linaloharibu zaidi. Watu hudhani kwamba, kwa kuwa halidai jibu, basi halijibiwi. Hujibiwa, tena papo hapo, moyoni mwa kila aliyeketi ukumbini, na nguvu yake yote hutokana na msikilizaji kufikia hitimisho mwenyewe na kulihesabu kuwa lake. Ukiuliza, "Tutanyonywa hivi mpaka lini?" kabla ya kuonyesha huko kunyonywa kukoje, yupo atakayejibu kimoyomoyo, "Mimi sinyonywi," na tangu hapo utakuwa unabishana na mtu usiyemsikia. Maswali manane, nayo, huwafanya watu wajione wako kizimbani.

Takriri hukazia jambo lililokwisha kukubaliwa; hailithibitishi. Wanaoiga hotuba ya Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, ya tarehe 4 Juni 1940 hukumbuka ile "tutapigana" iliyorudiwarudiwa kuelekea mwisho, wakasahau kwamba kabla ya hapo alikuwa amewasimulia wabunge kirefu habari za Dunkirk, bandari ya Ufaransa ambako askari wao waliozingirwa na Wajerumani walihamishwa kwa meli, akakiri kupoteza zaidi ya watu 30,000 waliouawa, kujeruhiwa au kutojulikana walipo, pamoja na mizinga karibu 1,000, na kuonya kwamba ushindi wa vita haupatikani kwa kuwahamisha askari. Mtu aliyekwisha kukiri hasara kiasi hicho huaminika anapoahidi kutokata tamaa. Ukiichomoa takriri hiyo na kuipachika kwenye hotuba isiyo na taarifa, utabaki na mlio tu.

Ugonjwa huu si wa leo. Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle alikwisha kuwalaumu waandishi wa miongozo ya ufasaha kwa kushughulikia mambo ya pembeni na kuuacha uthibitisho, ambao ndio kiini cha ushawishi. Kwa hiyo mtu akikuahidi tamathali inayoteka hadhira yoyote, mwulize ni hadhira ipi, inaamini nini, na imeambiwa nini dakika kumi kabla ya kuisikia; akishindwa kujibu, usimlipe.