Kutoa data MySQL kwenda Excel kila asubuhi yenyewe: jibu langu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, nimesoma uzi wako mwanzo mwisho. Umesema mfumo wenu wa mauzo pale duka la jumla unatumia databesi ya MySQL, na kila asubuhi we ndo unaingia phpMyAdmin (ukurasa wa kuisimamia hiyo databesi), unatoa CSV (faili la maandishi matupu, kolamu zimetengwa kwa mkato), unaifungua kwenye Excel, unaipangapanga afu unamtumia bosi na mhasibu, na siku ukiumwa ripoti haiendi. Wadau wa juu wamekujibu "weka cron tu", yaani ile programu ya Linux inayoendesha kazi zenyewe kwa saa uliyopanga, na wako sahihi, ila wamekuachia njiani. Mi hii ndo kazi yangu, nawatengenezea SACCOS na maduka vitu vya namna hii, na nakwambia kuitoa data ni mistari michache tu ya skripti (programu fupi). Kazi iko kwenye kuhakikisha mhasibu akifungua lile faili anaona kilekile kilichoko kwenye databesi, na siku lisipokuja mtu ajue.

Kwanza tengeneza yuza wa peke yake wa ripoti, usitumie root, yule yuza mkuu mwenye ruhusa zote, hata kidogo. `GRANT SELECT ON duka.* TO 'ripoti'@'localhost'` inatosha, huyo anasoma tu, hata skripti ikiharibika vipi haiwezi kufuta kitu. Paswedi yake usiiandike ndani ya skripti wala kwenye komandi, tumia `mysql_config_editor` uihifadhi kwa jina la login-path, au iweke kwenye faili la `.my.cnf` ambalo ni we tu una ruhusa ya kulisoma. Kwa wanaotumia databesi ya PostgreSQL kuna faili la `.pgpass`, hilo lazima liwe na ruhusa 0600 (mwenye faili tu ndo analisoma na kuliandika) la sivyo linapuuzwa.

Sasa kuna mdau kakwambia utumie `SELECT ... INTO OUTFILE`, komandi ya MySQL inayoandika matokeo kwenye faili. Inafanya kazi, ila elewa faili linaandikwa kwenye mashine ya seva, sio kwenye laptopu yako, na yuza anatakiwa awe na ruhusa ya FILE ambayo ni kubwa mno kumpa yuza wa ripoti. Halafu utagongana na eror 1290 ya secure_file_priv (mpangilio unaosema MySQL iandike folda gani tu), maana kwenye Ubuntu kwa kawaida MySQL inakuruhusu kuandika `/var/lib/mysql-files/` tu, na kesho yake ukitumia jina lilelile itakataa kwa sababu haifuti faili lililopo. Mi naiacha. Kama unataka njia ya haraka tumia `mysql --batch -e "SELECT ..."` uelekeze kwenye faili, inakupa kolamu zilizotengwa kwa tab na haihitaji ruhusa yoyote ya ziada. Ila kwa ripoti ya bosi nakushauri utumie lugha ya Python utoe xlsx (faili la Excel lenyewe) moja kwa moja, na sababu ndo hii nakuja nayo, soma kwa makini maana hapa ndo watu wanapoumia.

CSV yenyewe haina shida, shida ni Excel inavyoifungua. Namba ya simu 0712 inageuka 712 kwa sababu Excel inadhani ni hesabu, sifuri ya mbele inaondoka. Hiyo bado afadhali maana unaweza kuirudisha. Chukua namba ya NIDA sasa, ina tarakimu 20, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, kwahiyo utaona 1.99E+19, na ukiipanua kolamu utakuta tarakimu tano za mwisho zimekuwa sifuri. Mtu aki-save hapo imeshapotea, huwezi kuirudisha kutoka kwenye lile faili. Na tokeni za LUKU zina tarakimu 20 vilevile, kwahiyo wanaouza umeme dukani wajiangalie. Na kwa faida yako, hata kwenye databesi NIDA isikae kwenye BIGINT (kolamu ya namba kubwa), mtu aliyezaliwa 1990 namba yake haiingii hata kwenye BIGINT UNSIGNED (ile isiyo na namba hasi, inayobeba kubwa zaidi), iweke VARCHAR, yaani kolamu ya maandishi. Simu pia VARCHAR. Ukishafanya hivyo pandas (maktaba ya Python ya kushughulikia data) inazisoma kama maandishi na `to_excel` yake inaziandika kama maandishi, mhasibu akifungua anakuta sifuri yake ipo.

Pesa ni kinyume chake, hizo zipeleke kama namba tupu. Kuna watu wanapenda kuweka "TSh 1,500,000/=" ndani ya seli ili ionekane nzuri, sasa mhasibu akipiga SUM anapata sifuri kwa sababu yale ni maandishi. Peleka 1500000, mikato iwe kwenye fomati ya seli. Tarehe peleka kama tarehe kamili, na kama ni CSV iandike 2024-04-03, maana 03/04 kompyuta ya mhasibu ikiwa na mpangilio wa Kimarekani inasomeka Machi tarehe 4 na hakuna atakayeshtuka.

Kama bosi anasisitiza CSV basi iandike kwa `utf-8-sig`, zile alama za mwanzo wa faili ndo zinaiambia Excel kwamba herufi za faili hili zimeandikwa kwa mfumo wa UTF-8, bila hivyo majina yenye herufi za Kifaransa ya wateja wenu wa Lubumbashi yanakuja na michoro michoro.

Na usije ukatumia xls ya zamani. Ile mwisho wake mistari 65,536, wakati xlsx inafika 1,048,576. Waingereza iliwatokea 2020 kipindi cha korona, Public Health England (taasisi yao ya afya ya umma) walikuwa wanapokea CSV za maabara wanaziingiza kwenye xls, mistari ikajaa, wagonjwa 15,841 waliopimwa kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za kila siku, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Kwa hiyo hata kwako weka ukaguzi: skripti ihesabu mistari iliyotoka kwenye databesi, ifungue faili ililoandika, ihesabu tena, zikitofautiana isitume.

Kwenye muda sasa. Bosi anataka saa 12 asubuhi, unaandika `0 6 * * *` (dakika 0, saa 6 kwa saa za Kizungu, kila siku), sawa kama mashine iko kwenye saa ya Dar. Ila kama seva mmekodi nje, nyingi zinakuja na UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, hapo unaandika `0 3 * * *`. Na sio cron peke yake, `CURDATE()`, komandi ya MySQL inayotoa tarehe ya leo, nayo kwenye seva ya UTC inabadilika saa 9 usiku kwetu, kwahiyo kwa famasi au sheli inayofanya kazi usiku kucha, "mauzo ya jana" yanakatwa sehemu isiyo yake. Skripti ikishaunganika na databesi ianze na `SET time_zone = '+03:00'`, ila kwa upande wa kolamu za muda hiyo inarekebisha za aina ya TIMESTAMP, zile za DATETIME zinabaki zilivyoandikwa, angalia zako ni zipi. Na kwenye kuchuja usiandike `DATE(tarehe) = ...` maana jedwali likikua indeksi (faharasa inayoharakisha kutafuta) haitumiki na ripoti inakokota, andika kubwa au sawa na jana, ndogo kuliko leo.

Ukiweka `date +%F` (komandi ya kutoa tarehe ya leo) ndani ya crontab yenyewe, lile faili la ratiba za cron, ile alama ya asilimia cron inaisoma kama mstari mpya, lazima uweke `\` mbele yake. Bora yote yakae ndani ya skripti, crontab iite skripti tu kwa njia kamili ya folda.

Kama mfumo uko kwenye kompyuta ya dukani yenye Windows na XAMPP (kifurushi kinachoweka databesi na seva ya wavuti kwenye kompyuta), tumia Task Scheduler, ndo cron ya Windows, na tiki ile sehemu inayosema kazi ikikosa muda wake iendeshwe mara mashine ikiwaka, umeme wetu unaujua.

Kwenye kutuma, andika kwanza kwa jina la muda afu ubadilishe jina mwishoni, ili mtu asifungue faili lililoandikwa nusu. Ndani ya imeili andika "mistari 842, jumla kiasi fulani", mhasibu analinganisha na mfumo kwa jicho. Siku isiyo na mauzo itume vilevile iseme hakuna mauzo. Ukimya ndo mbaya kuliko eror, maana ukiwazoesha kwamba Jumapili haiji, Jumatano isipokuja hawatakuuliza. Mi huwa naweka na kazi ya pili, saa moja asubuhi inaangalia faili la leo lipo na lina ukubwa wa maana, kama halipo napata ujumbe mimi kabla ya bosi.

La mwisho, usitoe `SELECT *`, yaani kolamu zote. Bosi anataka bidhaa, idadi, bei, jumla, sasa simu na NIDA za wateja zinaenda kwenye imeili za nini? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na faili likishatoka kwenye databesi huna uwezo tena wa kujua limefowadiwa kwa nani. Hizo kolamu atakayezihitaji aombe kwa sababu.

Mkuu, tuwekee hapa `SHOW CREATE TABLE` ya jedwali la mauzo, muundo tu bila data ya mteja yeyote, na useme mashine ni Windows au Linux, nikuandikie hiyo SELECT na skripti yake usiku wa leo.