Kwa nini sikuwafokea

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini, tangu mdogo wako aungue uso, hukuwahi kunisikia nikimfokea mtu aliyemkodolea macho, wakati wewe ulikuwa unarudi na shati limechanika kwa kumpigania.

Kufoka nilitamani sana. Ila nilimwangalia yeye. Mtu akimshangaa, alikuwa hamtazami yule mtu, ananitazama mimi. Nikikunja uso, naye anainamisha wake. Basi nikawa nawahi kusalimia. Anayekodoa macho akisalimiwa hushtuka, akaitikia, na mara nyingi mambo yakaishia hapo. Watoto hawakunisumbua, wao huuliza wazi, wakijibiwa wanaendelea kucheza. Wakubwa ndio walionichosha, hasa wale wa "masikini, na alivyokuwa mzuri!" mbele yake, utadhani na masikio yaliungua.

Jibu tulilitunga naye: "Niliungua na maji ya moto, nimeshapona. Tucheze?" Lini alitumie, aliamua mwenyewe. Wale waliotaka kujua mama alikuwa wapi maji yalipomwagika hawakupata neno kwangu. Hawakuja kutoa pole hao, walikuja kuendesha kesi.

Kabla hajarudi shule nilimwomba mwalimu azungumze na darasa: kovu haliambukizi, ile barakoa ngumu ya plastiki anaivaa karibu saa 23 kwa siku ili kovu lisivimbe, na atakosa masomo tena na tena, kwa sababu mtoto anakua na kovu halinyumbuki kumfuata, kwa hiyo lazima lifunguliwe kwa upasuaji. Wiki hazikupita nyingi wenzake wakawa ndio wanaomkumbusha: "Barakoa yako iko wapi?"

Na yule ndugu aliyetaka mtoto akae safu ya nyuma kwenye picha ya familia? Picha ile haikupigwa. Tuliondoka.

Wewe nilikuomba uache ngumi kwa sababu moja ambayo sikukuambia: mdogo wako alikuwa ameanza kukataa kutoka kucheza, akiogopa utaumizwa kwa ajili yake. Ulikuwa mtoto, nikaona mzigo huo usiubebe. Sasa wewe ni mtu mzima, ujue.

Daktari amesema kovu la shingoni limeanza kumvuta tena, litalegezwa. Mdogo wako anataka umsindikize wewe. Mimi amenikataa, eti nasalimia watu mno. Mpigie mpange siku.

Mama yako